Eapodi ndani ya helmeti yenye intakomu, nani amefanikiwa? (Nimepoteza sikio moja Chalinze)

Mzee wa Gia Tano

Wakuu habari za saa hizi. Bandiko ni refu kidogo mnisamehe, nina uchungu. Naomba mwenye uzoefu wa kutumia eapodi (nasemea yale masikio ya blututhi yasiyo na waya, ya kampuni yoyote ile) pamoja na intakomu ya kwenye helmeti aniambie anafanyaje, maana mi nimejaribu nikaishia kupoteza sikio moja Chalinze.

Ilikuwa hivi. Tuko watatu, huwa tukipata wikiendi ndefu tunapiga safari, mara Bagamoyo mara Lushoto, safari hii tukasema tunyooshe Iringa. Mwaka huu tulijichanga tukanunua intakomu za helmeti, zimetumika ila nzima kabisa, zile za kuongea wenyewe kwa wenyewe barabarani bila kusimama. Ubungo mpaka Kibaha raha tupu, foleni, mwendo wa arobaini, mnasikilizana kama mko kijiweni, huyu anasema angalia bajaji kulia, yule anamtukana konda wa daladala ambaye hata hamsikii. Tulipovuka Mlandizi barabara ikafunguka, mshale ukafika 90, ukafika 100, hapo sasa mwenzangu aliyeko mbele nasikia tu "khaa khaa semi khaa". Semi gani? Iko wapi? Inakuja au imekufa katikati ya barabara? Nikapandisha sauti mpaka kile kidude kikalia piip kuniambia hapa ndo mwisho, bado upepo unashinda.

Kwenye begi nilikuwa na eapodi zangu za kuziba sikio, zile zenye kufuta kelele, pea nilinunua laki na ishirini. Nikajiona mjanja. Nikasimama pembeni nikazipachika, nikavaa helmeti juu yake, na kuvaa kwenyewe ni vita maana ukishusha tu sponji za mashavuni zinalivuta sikio zima kwa nyuma na eapodi inageuka inakuangalia. Mara ya tatu zikakaa. Nikaunganisha na simu, mziki msafi, ramani inaongea kama iko ndani ya kichwa, upepo umekuwa wa mbali. Kumbe hapo nimeshajitoa kwenye intakomu, simu imehamia kwenye eapodi na spika za helmeti ziko nje ya masikio niliyoyaziba mwenyewe. Mwenzetu wa nyuma mnyororo umemkatikia, wanapiga kelele wote wawili simama simama, na mi naenda zangu na taarabu. Kilomita kumi na kitu ndo naangalia kioo cha pembeni, hakuna mtu.

Tulipofika Chalinze nikasema basi niunganishe eapodi na intakomu moja kwa moja, simu ikae pembeni. Nusu saa nzima kwenye kituo cha mafuta nabonyeza vitufe, taa nyekundu bluu nyekundu bluu zinapepesa huku na huku, hazionani. Nikavua helmeti kwa hasira, sikio la kushoto likaruka, likadunda mara mbili, likaingia kwenye mfereji wa maji machafu uliofunikwa na zege. Vijana wa pale wamenisaidia kuchokoa na fito mpaka giza likaingia. Wapi.

Sasa nauliza hivi, kuna intakomu zinazokubali eapodi? Au kuna ujanja? Maana spika zake kwa mwendo wa barabara kuu kwangu mi ni pambo.

Kijana wa Uyole

Nimesoma kichwa cha habari nikadhani umekatika sikio kwenye ajali, nikaingia mbio na pole mkononi. Kumbe ni la plastiki.

Mzee wa Gia Tano

La plastiki lakini limeniuma kama la nyama mkuu.

Fundi Transista

Mleta mada hapo Chalinze ungebonyeza mpaka asubuhi. Ngoja nikueleze kifundi ila kwa lugha ya kijiweni.

Kwenye blututhi kuna anayetoa sauti na kuna anayepokea. Simu yako ndo mtoaji. Intakomu ya helmeti, mbele ya simu, inajitambulisha kama hedifoni, yani mpokeaji. Eapodi nazo ni mpokeaji. Wapokeaji wawili ni ombaomba wawili wamekutana, kila mmoja amenyoosha kiganja, nani atampa mwenzie? Ndo maana taa zinapepesa tu. Kuna kanuni za mawasiliano, ya mziki inaitwa A2DP na ya kupiga simu inaitwa HFP, na kifaa kikitengenezwa kiwe upande wa kupokea huwezi kukigeuza kwa kubonyeza kitufe kwa nguvu.

Alafu na simu yenyewe, nyingi zinatoa mziki kwa kifaa kimoja kwa wakati. Samsung walileta uwezo wa kutoa kwa viwili kuanzia Galaxy S8 mwaka 2017, na kuna ndugu watakuja hapa kukwambia tumia hiyo, ila haikusaidii kitu mkuu, kwa sababu sauti ya wenzako haipiti kwenye simu yako kabisa. Inatoka helmeti kwenda helmeti. Simu inajua mziki, ramani na mtu akikupigia, basi. Kwa iyo hata ukifanikiwa kugawa, eapodi zitapata taarabu na wenzako utaendelea kuwasikia khaa khaa.

Njia inayokubali ni ya kizamani. Waya. Geuza helmeti uangalie spika zako zimeingiaje kwenye kile kibanio kinachoshikilia intakomu. Intakomu nyingi spika zinachomoka. Kwa mfano Cardo Packtalk Bold spika zinaingia kwa pini ya milimita 3.5, ile ile ya hedifoni za kawaida, unachomoa spika unachomeka hedifoni zako za waya, maiki inabaki ile ile ya kwenye kidevu. Sena nao kwa SMH10 walitoa kibanio kingine kabisa chenye tundu la hedifoni. Yako aina gani? Usitaje kama hutaki, tuambie tu kuna tundu la pini au waya umezama moja kwa moja.

Mzee wa Gia Tano

Nimeshuka chini kwenye pikipiki saa hizi na tochi ya simu. Kuna pini! Imefichwa nyuma ya sponji ya shavu la kushoto, nyembamba kama ya hedifoni za redio. Miezi minne nina hii helmeti sikuwahi kufungua ile sponji.

Fundi Transista

Basi umeshapona nusu. Ila kabla hujakimbilia dukani soma haya maana watu wanaunguza masikio. Kwanza angalia pini ya hedifoni utakazonunua, hesabu vile vipete vyeusi. Vikiwa viwili hiyo ni ya kusikilizia tu, ndo unayoitaka. Vikiwa vitatu hiyo ina maiki ya simu ndani yake, mara nyingine inakubali na mara nyingine sauti inatoka kama mtu anaongea ndani ya pipa. Pili, spika za helmeti zimetengenezwa kusukuma sauti kutokea mbali na sikio, zinataka nguvu. Hedifoni ya kuziba inakaa ndani ya tundu la sikio, nguvu ile ile inakuwa kubwa mno. Shusha sauti mpaka mwisho wa chini KABLA ya kuchomeka. Mi nimeshuhudia mtu amewasha intakomu ikamsalimia kwa sauti kamili, alirusha helmeti.

Na utasikia "sssss" nyuma ya maongezi, hasa mkiwa mmenyamaza. Hiyo sio ubovu, ni ile ile nguvu iliyozidi. Kuna viwaya vifupi vyenye gurudumu la kupunguza sauti, ukiweka kimoja katikati sss inazama.

Nduthi ya Thika Road

Niaje wakubwa, mimi niko Nairobi na hii shida nimepigana nayo mwaka mzima kwa hivyo wacha niongeze. Waya ni sawa lakini mimi nilikataa waya, nikasema nitakuwa mjanja kuliko fundi. Nilienda Luthuli Avenue nikanunua kile kidude cha kutoa blututhi, kinachomekwa kwa tundu la pini ya 3.5, ukubwa kama kiberiti, watu huwa wanakitumia kwa TV ya zamani ndio wasikilize na hedifoni usiku bila kuamsha mtoto. Nikachomoa spika za helmeti, nikachomeka hicho kidude, kikaunganika na eapodi zangu mara ya kwanza. Hapo nilijiona nimewaweza.

Sasa balaa zake. Moja ni kuchelewa. Sauti inatoka kwa intakomu, inageuzwa, inarushwa, inafika sikioni baada ya kama robo ya sekunde. Kwa mziki huwezi jua. Kwa maongezi inakera, mnaanza kuongea pamoja kila saa, na ukiambiwa "shimo!" umeshaingia. Hiyo robo kwa mwendo wa 100 ni kama mita saba, nimezihesabu nikiwa nimekaa kwa garage nikingoja rimu inyooshwe. Pili sasa una betri tatu za kuchaji, intakomu, kidude na eapodi, na kila moja inakufa kwa wakati wake. Ya kidude ilikufa nikiwa Mtito Andei, nikaendesha mpaka Voi kama bubu.

Nimerudi kwa waya. Fundi alikuwa sawa, niliona aibu kumwambia.

Boda Mbezi Mwisho

Nyie watu wa safari mna mambo. Sisi wa kubeba abiria tunavaa sikio moja chini ya elementi toka zamani, la kushoto liko na simu kusikiliza oda ikiingia na ramani, la kulia liko wazi. Hakuna cha intakomu hapa, abiria akitaka kusema kitu anakugonga begani. Mi nikiziba yote mawili sisikii honi ya mwendokasi na sisikii abiria akilia anasema amepita kwao. Msije mkawadanganya madogo wakaziba masikio yote mjini wakafa.

Mzee wa Gia Tano

Kaka Boda hapo nakuunga mkono, mi nasemea barabara kuu, mjini spika zinatosha kabisa, sina ugomvi nazo.

Kofia Nyeupe

Naomba nichangie kwa upande wa kelele. Mi kazi yangu ni usalama kazini, kiwandani, kila siku nagombana na watu wavae vizibo vya masikio, alafu wikiendi nilikuwa napanda pikipiki bila kizibo hata kimoja. Unafiki mtupu.

Iko hivi. Kipimo kinachotumiwa sana na watu wa fani yangu, cha taasisi ya Marekani inaitwa NIOSH, kinasema sikio linavumilia desibeli (ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Yani 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, na ukifika 100 una dakika 15. Sasa ndani ya helmeti nyingi ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, huo upepo unaouita "umeshinda spika" uko kwenye 95, 100, na helmeti zingine unazidi. Chalinze kwenda Morogoro tu umeshamaliza posho yako ya siku mara kadhaa, na bado hujafika Mikumi. Ile "ngiiiii" unayoisikia usiku ukilala gesti baada ya safari sio uchovu. Ni sikio linakulalamikia. Wiki ya kwanza inaondoka asubuhi. Baada ya miaka kuna siku haiondoki.

Kwa iyo tatizo lako halikuwa spika kuwa ndogo, ni upepo kuwa mkubwa, na ukipandisha sauti ili ishinde upepo wa desibeli 100 maana yake unajimwagia sauti ya juu ya hapo moja kwa moja kwenye ngoma ya sikio. Hedifoni ya kuziba inasaidia kwa sababu moja tu, INAZIBA. Hata ikiwa imezimwa. Ile ya kukaa tu mlangoni mwa sikio bila kuziba, achana nayo, hiyo utaipandisha sauti mpaka uwe kiziwi.

Na kuna kitu watu hawaamini mpaka wajaribu, vaa vizibo vya sponji vya kawaida kabisa, zile rangi ya chungwa za kiwandani, alafu bakiza spika zako za helmeti kama zilivyo. Utamsikia mwenzio VIZURI zaidi. Upepo unashuka, sauti ya spika nayo inashuka, ila sikio lililotulia linatofautisha maneno, sikio lililozidiwa halitofautishi chochote. Kwenye maabara vile vizibo vinapunguza kama desibeli 30, kwako wewe unayevipachika kama karanga pengine nusu ya hapo. Kisokote kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia kwa kidole mpaka kivimbe, kama nusu dakika hivi. Bei yake hata soda hainunui.

Kijana wa Uyole

Yani mzee amepoteza laki na ishirini kumbe dawa ni ya bei ya pipi. Nimekaa paleee.

Chuma Chakavu

Mbona mnamtisha mwenzenu, eapodi za kufuta kelele zinafuta huo upepo, ndo kazi yake. Mi nazivaa kwenye ndege injini siisikii kabisa.

Fundi Transista

Mkuu kwenye ndege ni sawa kwa sababu ile ni mvumo mmoja, chini, haubadiliki, kile kimaiki cha nje kinausikia na kutengeneza kinyume chake. Kwenye helmeti kuna mvumo kama huo, ndo maana mleta mada alisikia nafuu, sikatai. Ila upepo wa pikipiki unapiga kwa mafungu. Ukikaa nyuma ya semi unakupiga ngumi, ukigeuza shingo kuangalia kioo unabadilika, na kile kimaiki kikipigwa na upepo chenyewe kinachanganyikiwa kinakutengenezea kelele mpya, puff puff puff. Zingine zikigusana na sponji ya helmeti zinadhani umezigusa kwa kidole, zinaruka wimbo au zinakata simu. Nafuu kubwa unayoipata iko kwenye ile mpira inayoziba. Nunua yenye mpira mzuri au ya sponji, ya kufuta kelele ikiwepo ni nyongeza.

Mbongo Lyon

Salamu kutoka baridini. Kwa mlioko Ufaransa au mnaopanga kuja kukodi pikipiki huku, msithubutu haya mambo ya kuziba kwa hedifoni. Toka tarehe 1 Julai 2015 hairuhusiwi kuendesha chombo ukiwa na hedifoni au eapodi sikioni, hata moja, hata baiskeli. Faini euro 135 na mwenye leseni anakatwa pointi 3. Intakomu yenye spika ndani ya helmeti inaruhusiwa, ndo maana huku wote tuko na spika. Mi mwenyewe nimesimamishwa, askari akaniambia vua helmeti taratibu, akachungulia masikio yangu yote mawili kama daktari. Na jamaa zangu walioko California wanasema kule usizibe masikio mawili na hedifoni, moja inaruhusiwa. Kila nchi na lwake, ulizeni kabla ya kuvuka mpaka.

Boda Mbezi Mwisho

Umeona, sikio moja. California wamekopi Mbezi.

Dada Gia

Jamani naomba kuwarudisha nyuma kidogo kwa sababu wote mmekimbilia kuziba na hakuna aliyemuuliza kaka yetu spika zake zimekaa wapi. Mimi nimepanda miaka sita, nina kichwa kidogo na huwa nasuka, na nimegundua kitu. Spika ikihama kidole kimoja tu kutoka kwenye tundu la sikio, nusu ya sauti imeenda. Watu wanabandika spika kwenye kile kishimo cha helmeti kwa sababu ndo kishimo kilichopo, masikio yao yako kwingine. Nikisuka rasta nene helmeti inapanda juu, spika zinakuwa usawa wa juu ya sikio, nikinyoa au nikibana zinarudi chini. Kwa iyo mimi hata siku ya kusuka nabandua nahamisha.

Jinsi ya kujua: chukua poda ya mtoto, paka kidogo kwenye kitambaa cha spika, vaa helmeti, ikaze kama unasafiri, tingisha kichwa, vua. Nenda kwenye kioo uone poda imekupiga wapi. Mume wangu ilimpiga shavuni, miaka miwili analalamika intakomu mbovu! Alafu kama kishimo ni kirefu spika inakuwa mbali, weka kipande cha sponji nyuma yake isogee mpaka iguse sikio, iguse tu, isibonyeze maana ikibonyeza saa moja mbele utatamani kung'oa sikio. Fanya hivyo, weka na vizibo vya kaka Kofia Nyeupe, ndo uamue kama bado unataka hedifoni. Mimi sijawahi kuzihitaji.

Kofia Nyeupe

Dada hii ya poda nimeipenda, naipeleka kazini.

Mzee wa Gia Tano

Ya poda nimejaribu saa hizi hizi, mke wangu ananiangalia kwa mashaka. Imenipiga chini ya sikio kwenye taya. Kumbe nilikuwa nasikilizia taya.

Nduthi ya Thika Road

😂😂😂 Kusikilizia taya. Hiyo naiba.

Mzee wa Gia Tano

MREJESHO. Wiki tatu zimepita, wale mlionitumia ujumbe mrejesho ndo huu.

Nimefanya vyote, kimoja kimoja ili nijue kipi ni kipi. Kwanza nilisogeza spika kama dada Gia alivyosema, nikaweka na kipande cha sponji ya kuoshea vyombo nyuma (mpya, sijaiba jikoni). Nikatoka Kibaha mpaka Chalinze. Kwenye 80 namsikia mwenzangu vizuri, kitu ambacho hakikuwepo. Kwenye 100 maneno mengine yanapotea bado.

Pili nikarudi kipande kile kile na vizibo vya chungwa. Hapa ndo niliposhangaa. Dakika mbili za kwanza nilidhani nimekosea maana dunia imekuwa kimya, nasikia injini yangu inavyokoroma kwa ndani badala ya upepo, na sauti ya mwenzangu inakuja ndogo lakini kila neno lina mwanzo na mwisho. Sauti iko katikati, sijapandisha mpaka mwisho. Honi ya basi nyuma yangu nimeisikia, watu wa "utagongwa hutasikia" mnisikie na nyie, niliisikia vizuri kuliko ilivyokuwa upepo unanguruma. Sirudi nyuma kwenye hili.

Tatu ndo waya. Nilienda Kariakoo mtaa wa Aggrey, nikanunua hedifoni za kuziba za bei ya kawaida, vipete viwili, na mipira ya sponji ya ziada. Waya wake mrefu mita na zaidi, huwezi kuukunja ndani ya helmeti, unakutoka shingoni kama mnyororo wa mbuzi, na siku utakaposhuka ghafla utang'oka nao. Nikampa fundi akaukata akabakiza kiganja na nusu, akaunga upya pini iliyopinda ya herufi L. Huo mkato ndo umefanya kila kitu, asanteni kwa aliyenishauri kwa ujumbe. Unapachika masikioni, unavaa helmeti taratibu ukivuta mikanda kwa nje ili sponji zisikwangue, alafu ndo unachomeka pini kwenye kile kibanio. Ukivua, kinyume chake. Ukisahau kuchomoa utakumbushwa.

Tumeenda Iringa kweli safari hii. Waya ni mtamu, sibishi, sauti iko ndani ya kichwa, sss ipo ila kale kagurudumu kameimaliza. Ndani ya Mikumi zile kilomita 50 mwendo wenyewe ni 70 kwa hiyo nilichomoa nikatumia spika, nilitaka nisikie porini, na twiga alikuwa karibu na barabara kweli. Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu. Kitonga ndo intakomu ilipolipa hela yake yote, wa mbele anapanda anatuambia kona hii semi mbili zinashuka moja imechukua upande wetu, subirini, tunasubiri, njoo sasa, tunaenda. Kila neno limefika, hakuna khaa khaa.

Ubaya wa waya. Baada ya saa tatu masikio yanawasha kwa ndani, jasho limeingia, unatamani kuchokonoa na huwezi. Upande wa kulia ulilegea mara mbili na huwezi kuurudisha bila kuvua helmeti nzima, maana yake kusimama, maana yake wenzako wanasimama. Kurudi Dar nilirudi na vizibo na spika, hedifoni ziko kwenye begi. Usiku ule nililala, hakuna ngiii.

Fundi Transista

Hongera mkuu. Ile sponji ya vyombo ikilowa mvua ibadilishe, inaoza na inashika unyevu, wengine wanaiacha humo mpaka spika inapata kutu.

Mzee wa Gia Tano

Imeshalowa Kitonga, naitoa leo.

Chuma Chakavu

Na eapodi iliyobaki umefanyia nini?

Mzee wa Gia Tano

Ya kulia ipo, nzima kabisa, na kasha lake la kuchajia. Iko kwenye droo.

Boda Mbezi Mwisho

Mkuu unaiuza? Mi ninahitaji moja tu.

Kijana wa Uyole

Usimuuzie bado, ni aina gani? Mi ya kulia ilinidondoka Mbalizi mwezi wa tatu, nimebaki na ya kushoto.